Kiberiti Pindoni mwa Kitenge

Mwalimu mmoja wa Mugoma, wilayani Ngara, ameniletea swali ambalo limenikosesha usingizi kwa raha. Anasema mradi unaosaidia shule yao umewapangia safari ya Mwanza. Watumishi 10 watafungiwa kwenye chumba cha hoteli, wapewe dakika 60, makufuli ya namba na mafumbo, kisha watafute njia ya kutoka. Wameambiwa lengo ni kujenga timu. Anauliza: "Dada, hii ni sayansi, au ni njia mpya ya kula posho?"

Habari za posho nawaachia wahasibu. Historia nayo naipitia mbio. Mchezo huu kwa sura yake ya leo ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, kwa Takao Kato na kampuni yake ya SCRAP. Mwaka 2015 mtafiti Scott Nicholson alikusanya taarifa za vituo 175 vya michezo hiyo duniani, akakuta kwamba kwa wastani timu 4 hivi katika kila 10 ndizo zinazotoka kabla ya muda kwisha. Inatosha.

Tusiingie chumbani kabla hakijapata jina. Wengine wanakiita "chumba cha kutoroka". Sikubali. Anayetoroka ni mahabusu, au mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi mitatu. "Chumba cha mafumbo" ni afadhali, ila kinasahau mlango. Na jina tunalo tangu utotoni. Bibi akisema "Kitendawili!" tunajibu nini? "Tega!" Tukishindwa tunampa mji, kisha anautegua mwenyewe. Tazameni lugha ilivyo fundi wa makufuli: funga, fungua, ziba, zibua, fumba, fumbua, tega, tegua. Irabu moja, u, inaingizwa katikati ya neno kama ufunguo, na tendo zima linageuka. Basi kiitwe chumba-mtego, na wanaoingia waitwe wateguzi. Mhariri wangu alitaka "wateguaji". Nikamuuliza anayevumbua anaitwa nani, naye akanyamaza.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Chumba-mtego kizuri kinafanya jambo moja ambalo vikao vyetu havilifanyi, na ili mlione naomba tupitie msibani.

Jirani amefiwa. Wanawake 10 wanakuja kupika ndizi na maharage, na kila mmoja amebeba kitu. Wote 10 wamebeba chumvi, kwa kuwa chumvi haikosekani nyumbani. Mama mmoja tu, aliyekaa pembeni kabisa karibu na shina la mgomba, ana kiberiti. Amekifunga kwenye pindo la kitenge. Hakukificha. Anadhani kila mtu anacho, kama yeye alivyo na chumvi. Mazungumzo yanaanza. Wa kwanza anasema, "Nimekuja na chumvi." Wa pili anafurahi: "Hata mimi!" Wa tatu anatoa ya kwake, inaonjwa, inasifiwa kwa weupe. Wanajadili ipi ni kali, itiwe lini, vijiko vingapi. Ni mjadala mtamu wenye umoja na vicheko, na mtu akipita atasema hii ndiyo timu. Saa mbili zinapita. Sufuria ni ya baridi. Yule mama anamuuliza jirani yake kwa sauti ya chini, "Mbona hamuwashi?" Jirani anamjibu, "Subiri kwanza, tunamalizia habari ya chumvi."

Wanasaikolojia wanaliita jambo hili "wasifu uliofichika". Tafsiri ni sahihi ila maana imeteleza, kwa sababu hakuna aliyeficha. Mimi nitaliita kidokezo cha pindoni: jambo analolijua mtu mmoja tu, asiyejua kwamba ni yeye peke yake.

Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus walilipima. Waliwakusanya wanafunzi wa chuo katika vikundi vya watu 4, kila kikundi kichague kiongozi kati ya wagombea watatu. Mgombea bora alikuwa na sifa njema 8 na kasoro 4. Katika vikundi vingine kila mtu alipewa taarifa zote. Katika vingine zile sifa 8 ziligawanywa, kila mtu akapata 2 tu, lakini kasoro 4 wakapewa wote. Mkikusanya karatasi zenu mezani, picha nzima ipo, hakuna kilichopotea. Vikundi vyenye taarifa zote vilimchagua mgombea bora kwa asilimia 83. Vile vya pindoni havikufika robo.

Kwa nini? Ninachokipenda hapa ni kwamba hatuhitaji kumlaumu mtu yeyote. Hesabu peke yake inatosha. Tuseme kila mtu, kwa jambo analolijua, anarusha sarafu: kikija kichwa analisema, la sivyo anasahau au anakosa nafasi. Jambo analolijua mmoja lina nafasi 1 kati ya 2 ya kusikika. Jambo wanalolijua wote 4 litakosa kusikika endapo tu sarafu zote 4 zitagoma, yaani mara 1 kati ya 16. Kwa hiyo chumvi ina nafasi 15 kati ya 16, na kiberiti nusu. Sasa ongezeni watu wafike 10, kama watumishi wa mwalimu wetu. Chumvi inafika nafasi 1,023 kati ya 1,024. Kiberiti kimebaki nusu ile ile! Tunaita watu wengi kikaoni tukidhani tunaongeza akili, kumbe tunaongeza chumvi.

Halafu kuna sifa. Mwaka 1999 Gwen Wittenbaum na wenzake walionyesha kwamba mtu anayetaja jambo ambalo wenzake tayari wanalijua huonekana mwerevu zaidi machoni pao, na wao huonekana hivyo hivyo machoni pake wakimrudishia lile lile. Chumvi inapigiwa makofi. Anayetoa kiberiti anaulizwa amekipata wapi. Mwaka 2012 Li Lu na wenzake walijumlisha tafiti 65 za aina hii, wakakuta vikundi vya pindoni vina uwezekano mara 8 pungufu wa kupata jibu sahihi kuliko vikundi ambavyo kila mtu ameona taarifa zote.

Turudi Mwanza. Fundi wa chumba-mtego anatawanya vidokezo makusudi. Namba moja iko nyuma ya saa ya ukutani, nyingine chini ya zulia, na rangi inayoonyesha mpangilio imeandikwa ndani ya kikombe anachokishika mtumishi mgeni kuliko wote. Mkuu anaweza kutoa hotuba nzuri kuhusu namba ambayo wote wameiona. Kufuli halipigi makofi. Halijali cheo wala umri, litabaki limefungwa mpaka yule mgeni aseme, "Samahani, huku kwangu kuna rangi." Ofisini hakuna kufuli. Kikao kinaamua bila kiberiti, muhtasari unaandikwa, soda zinanywewa, na hakuna anayesikia mlango ukigoma kufunguka.

Wala si suala la michezo tu. Mwaka 1996 James Larson na wenzake waliunda timu za watu watatu kutoka hospitalini: daktari, daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo, na mwanafunzi wa udaktari. Kila mmoja alitazama video ya mgonjwa yule yule yenye taarifa zilizotofautiana kidogo na za wenzake. Kilichoonwa na wote kilitajwa mapema, cha mmoja kilichelewa. Ila kadiri mazungumzo yalivyoendelea, kiongozi wa timu ndiye aliyeuliza zaidi na kuyarudia maneno ya mmoja mmoja ili yasizame. Sisi wa Kagera tuna sababu ya kusikiliza. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa Biharamulo, mkoani mwetu, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Homa za namna hiyo haziji na jina kifuani. Muuguzi anaona homa, jirani anajua kuhusu mazishi mawili katika nyumba moja, mwenye duka la dawa anajua nani amenunua nini. Kila mmoja ana kipande pindoni.

Je, lazima kwenda Mwanza? Safari yenyewe imekuwa nyepesi tangu Juni 2025, daraja la kilomita 3 la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa na kivuko kikapumzika. Lakini kivuko ndicho ninachokitaka. Fumbo la mtu anayevusha vitu ambavyo havifai kuachwa pamoja limo katika mkusanyo unaohusishwa na Alcuin wa York, wa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, likiwa na mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Zanzibar lilisimuliwa kwa chui, mbuzi na majani, na Sultani akiwa ndiye mtoa mtihani. Lichukueni, mligawe. Karatasi ya kwanza: mbuzi hula majani. Ya pili: chui hula mbuzi. Ya tatu: mtumbwi unabeba mtu na kitu kimoja. Ya nne mpeni mtu mkimya kuliko wote: si lazima kurudi na mtumbwi mtupu. Hakuna kusoma kwa sauti karatasi ya mwenzako. Bila ile ya nne mtahangaika, kwa maana siri yote ni kumrudisha mbuzi ng'ambo alikotoka. Gharama: karatasi moja iliyokatwa vipande vinne.

Tahadhari ni mbili tatu. Kucheka pamoja saa moja si ushahidi kwamba Jumatatu mtafanya kazi vizuri zaidi. Mwenye hofu ya kufungiwa asilazimishwe. Na mlango wa kweli usifungwe kamwe: tarehe 4 Januari 2019, mjini Koszalin, Poland, wasichana watano walikufa kwa gesi ya sumu ya moto wakiwa ndani ya chumba cha namna hii. Fungeni sanduku, mlango uacheni wazi.

Basi mwalimu, jibu langu ni hili: sayansi ipo, na posho haiathiri matokeo. Lakini kabla ya safari, chukua ajenda ya kikao chenu na uitazame mwishoni, pale palipoandikwa "Mengineyo". Ndipo yule mama wa pembeni huruhusiwa kufungua pindo, wakati watu wamekwishafunga daftari na mwenyekiti anatazama saa. Mwezi huu jaribuni kuianza ajenda na Mengineyo. Mzunguke mmoja mmoja, mkianza na mgeni, kila mtu aseme jambo moja analodhani wenzake wote wanalijua.