Foteyi za mahameli katika nyumba ya mbao: namna wakaaji wa Goma wanavyochanganya mapambo

Pita jioni katika kartie Majengo ao Ndosho, milango ikiwa bado wazi. Kwa nje unaona mbao zilizopakwa mafuta machafu ya gari ili wadudu wasizile, zimesimama juu ya msingi wa mawe meusi ya volkano. Kwa ndani kuna foteyi kubwa za mahameli zenye rangi ya dhahabu, kitambaa cheupe cha kroshe juu ya televisheni, kitenge kwenye ukuta, na pembeni kitunga ambacho bibi alikuja nacho kutoka Masisi. Mgeni anaweza kusema kwamba vitu hivi havipatani. Mwenye nyumba atamwambia karibu, ukae.

Katika miji mikubwa ya Ulaya, watu hulipa mafundi wa mapambo ili wawachanganyie vya zamani na vya kisasa namna hii. Hapa Goma mchanganyiko umeletwa kwa sehemu kubwa na matukio. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na maelfu ya familia zilirudi zikakuta jiwe mahali palipokuwa na salo. Wengi walijenga upya kwa mbao na manjanja. Kuchimba msingi katika lava ni kazi ngumu, mbao zina bei nafuu kuliko matofali, na nyumba ya mbao mtu anaweza kuibomoa, akaipakia, akaisimamisha kwenye kiwanja kingine. Vyombo navyo vilitoka popote: kimoja kiliokolewa, kingine kilitolewa na ndugu, kingine kililetwa na wachuuzi wanaoleta mali ya Dubai. Hakuna aliyekaa chini kuchagua rangi.

Jambo la kushangaza ni kwamba jiwe lililotuunguza limekuwa pambo. Huko Himbi na kando ya ziwa, wenye uwezo hulichonga, wakalipanga ukutani na kupaka chokaa ao rangi nyeupe kwenye maungio. Linapendeza kweli, lakini lina tabia yake: ni jeusi, lina vishimo vingi, na linakula mwangaza. Salo yenye kuta nne za lava inakuwa kama pango, hata saa sita ya mchana. Ukuta mmoja unatosha. Kuta nyingine zipakwe nyeupe ao rangi ya maziwa, na mbele ya jiwe iwekwe meza ya muvula ao libuyu, maana wekundu wa mbao unapoza ule weusi. Vumbi nalo tusilisahau. Linaingia katika vishimo na kushikamana na mahameli, na anayepiga burashi kila asubuhi ni mama ao binti wa nyumba, si yule aliyenunua foteyi.

Tena hizo foteyi ni kubwa mno. Mtu ana salo ya meta 3 kwa 4, ananunua seti ya watu saba, kisha wageni wanapita kiubavu. Kiti kimoja cha kifahari, pamoja na viti vya kawaida kutoka kwa seremala wa kartie, vingependeza zaidi na bei ingepungua. Ili vionekane ndugu, chukua rangi moja ya kitenge kilicho ukutani, uishone pia kwenye mito. Kitenge cha doti moja kinatosha mito mingi.

Palipo na ugomvi wa kweli ni penye vinyago. Warega wa Kivu ya Kusini na Maniema walichonga vinyago vidogo vya mti, wakavipaka udongo mweupe, kwa ajili ya Bwami, chama chao cha wenye hekima. Kwa baba vinaweza kuwa urithi. Kwa mama anayesali katika kanisa la uamsho ni mambo ya giza. Salo nyingi hazina kinyago kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya bei. Vitambaa vya Wakuba kutoka Kasai havileti vita kama hiyo: wanaume hufuma rafia, wanawake hutarizi michoro juu yake. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alivitundika katika nyumba yake mwenyewe, akavitazama miaka mingi.

Lakini katika nyumba ya mbao kila kitambaa kinachoning'inia ni kuni. Kartie zetu zimeungua mara nyingi, na nyumba moja inaambukiza ya jirani kwa dakika chache. Makatoni yanayobandikwa kuzuia baridi, pazia refu karibu na mbabula, waya za umeme zilizofichwa nyuma ya kitenge: hapo pambo linageuka hatari. Waya ionekane, hata kama inaharibu sura ya ukuta. Mbabula ibaki nje.

Kwetu kuna kiti kidogo cha miguu mitatu ambacho hakipatani na chochote. Kilivuka mpaka kwenda Gisenyi mwaka 2002, kikaenda Sake Mei 2021 volkano ilipolipuka tena. Watoto wanataka kitolewe salo kwa sababu kinaharibu picha zao za simu. Mama amekiweka karibu na mlango.