Miwani Haidhoofishi Macho: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kununua na Kuvaa

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa na wananchi kuhusu miwani, moja hurudi kila mara: je, nikianza kuvaa, macho yangu hayatazoea na kuharibika zaidi? Hofu hii ina gharama. Kwa sababu yake mzazi humvua mtoto miwani afikapo nyumbani, fundi cherehani huiacha kazi aliyoizoea kwa kuwa haoni tundu la sindano, na mzee huazima miwani ya jirani kwa kuogopa kuwa na yake mwenyewe.

Jibu ni kwamba miwani iliyopimwa sawasawa haidhoofishi macho. Hata hivyo, jibu hilo lina sehemu ya pili ambayo aghalabu husahaulika: miwani haitibu ugonjwa wa macho, wala haizuii ugonjwa huo kuendelea kimyakimya. Katika makala hii tunaeleza sehemu zote mbili, kisha tunataja mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyadai kabla ya kulipa fedha yake.

Miwani hufanya nini

Ili tuone vizuri, mwanga hauna budi kukutana juu ya retina, utando ulio nyuma ya jicho. Jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina, na mtu huona vitu vya mbali kwa ukungu. Likiwa fupi, vitu vya karibu ndivyo vinavyosumbua zaidi. Uso wa mbele wa jicho usipokuwa na mviringo ulio sawa, picha hupinda au huwa na kivuli. Kazi ya lenzi ya miwani ni kuupinda mwanga upya ili uangukie mahali pake. Mtu mzima akiivua, jicho lake hubaki na umbo lilelile alilokuwa nalo kabla ya kuivaa.

Dhana ya kuharibika hutoka wapi

Zipo sababu tatu zinazowafanya watu wengi wailaumu miwani.

Ya kwanza ni ukuaji. Mtoto asiyeona mbali hukua mwili pamoja na macho, na jicho likizidi kurefuka, namba ya miwani nayo hupanda. Namba hiyo ingepanda hata kama asingevaa. Mwaka 2002 watafiti nchini Malaysia walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miaka miwili juu ya watoto 94 wasioona mbali. Baadhi walipewa miwani ya nguvu kamili, na wengine walipewa yenye nguvu pungufu kwa makusudi. Waliopunguziwa hawakupata nafuu. Macho yao yaliendelea kupungua uwezo kwa kasi iliyozidi kidogo ile ya wenzao.

Ya pili ni umri. Kuanzia takriban miaka 40, lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho hupoteza wepesi wake wa kubadilika. Mtu huanza kuliweka gazeti mbali, kisha hununua miwani ya +1.00, na baada ya miaka kadhaa huhitaji +2.00. Yeye husema miwani imemharibu, ilhali ni miaka iliyosonga. Mabadiliko hayo humpata hata asiyewahi kuvaa miwani maisha yake yote.

Ya tatu ni mazoea ya kuona vizuri. Aliyeishi na ukungu kwa muda mrefu hauoni kuwa ni ukungu. Akishaonja uangavu kisha akavua miwani, ukungu uleule wa zamani humwonekea mzito kuliko awali.

Hasara ya kutovaa

Kwa mtu mzima, kutovaa miwani anayoihitaji hakuli jicho lenyewe, bali humletea maumivu ya kichwa, uchovu, na hatari barabarani au kwenye mashine. Hupunguza kipato pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza kiasi cha majani walichochuma kwa siku kwa takriban asilimia 39. Wenzao ambao hawakupewa waliongeza takriban asilimia 18.

Kwa mtoto mdogo jambo ni zito zaidi. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya maisha. Jicho moja likileta picha yenye ukungu na jingine picha safi, ubongo hulipuuza lile dhaifu, nalo hugeuka jicho vivu. Tiba yake hufaa zaidi kabla ya umri wa miaka 7 au 8 hivi. Baadaye, hata miwani nzuri haiwezi kurejesha kikamilifu uwezo uliokwisha kupotea. Mzazi anayechelewesha miwani ya mtoto kwa nia njema huenda akamsababishia hasara ile ile aliyoiogopa. Mtoto anayekaza macho, anayeinamisha kichwa upande, anayesogelea ubao, au mwenye makengeza, apelekwe kupimwa bila kungoja.

Miwani inapoficha ugonjwa

Hatari iliyo kubwa zaidi kwa mtu mzima haimo ndani ya miwani, bali imo katika kununua miwani mahali pa kupimwa. Miwani ya kusomea inayouzwa tayari si bidhaa mbaya: ni ya bei nafuu, na huwafaa wengi ambao tatizo lao ni umri tu. Lakini lenzi zake mbili huwa na nguvu sawa, ilhali macho ya watu wengi hayalingani. Isitoshe, muuzaji wa kando ya barabara hawezi kuchungulia nyuma ya jicho lako.

Presha ya macho, yaani glakoma, huharibu mshipa wa fahamu wa jicho bila maumivu, ikianzia pembezoni mwa uoni. Mgonjwa anaweza kusoma vizuri kwa miwani yake huku uwanja wa kuona ukizidi kusinyaa, na kilichopotea hakirudi. Kisukari nacho huharibu mishipa midogo ya damu ya retina kabla ya dalili kutokea. Mtoto wa jicho husababisha ukungu usiotibika kwa kubadilisha miwani mara kwa mara. Tiba yake ni upasuaji. Vilevile, mwenye kutoona mbali kwa kiwango cha −6.00 au zaidi huwa katika hatari kubwa ya retina kubanduka, hata kama kwa miwani yake anaona vyema.

Kwa hiyo tunashauri kila mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, na kila aliye na ndugu wa damu mwenye presha ya macho, achunguzwe macho yote mawili ndani na nje mara kwa mara kama atakavyoelekezwa. Mwenye kisukari achunguzwe retina kila mwaka. Anayeona vimulimuli vya ghafla, vidoa vingi vinavyoelea, au kitu kama pazia likishuka mbele ya jicho, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Madai ya wauzaji

Weusi wa kioo cha miwani ya jua si ushahidi wa kinga. Kioo cheusi kisichozuia mionzi ya urujuanimno humfanya mvaaji apanue mboni na kuipokea mionzi hiyo zaidi. Tafuta alama ya UV400 au maelezo ya kinga ya asilimia 100, na umwombe muuzaji aipime kwa kifaa chake ikiwa anacho.

Lenzi za kuzuia mwanga wa buluu huuzwa kama kinga ya macho dhidi ya kompyuta na simu. Mapitio ya majaribio 17 yaliyochapishwa mwaka 2023 hayakuonyesha kwamba lenzi hizo hupunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi kuliko lenzi za kawaida. Kupumzisha macho kila baada ya dakika 20 kwa kutazama umbali wa mita 6 hakugharimu chochote. Kwa watoto, kucheza nje kwa takriban saa mbili kila siku hupunguza uwezekano wa kuanza kutoona mbali.

Kabla hujalipa

1. Pimwa na mtaalamu wa macho aliyesajiliwa. Unayo haki ya kumwomba akuonyeshe usajili wake.
2. Dai nakala ya cheti cha vipimo. Kionyeshe nguvu ya kila jicho pekee, pamoja na umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Cheti ni chako, nawe waweza kununulia miwani kwingine.
3. Uliza bei ya lenzi, ya fremu na ya kila nyongeza, kila kimoja peke yake, na upewe risiti.
4. Kwa mtoto, omba lenzi za plastiki ngumu zisizovunjika kwa urahisi.
5. Ivae miwani dukani kabla ya kuondoka. Kizunguzungu kidogo huisha ndani ya siku chache. Kikizidi wiki mbili, irudishe pamoja na risiti ili ipimwe upya.
6. Usivae miwani iliyopimiwa mtu mwingine.

Miwani ni msaada mwema kwa mwenye kuihitaji, na hakuna sababu ya kuiogopa. Tunachomsihi kila mnunuzi ni kwamba fedha yake ya kwanza iwe ya kupimwa, na ya pili ndiyo iwe ya fremu.