Kusogea na Kusogezwa: Juu ya Mwili wa Avata

Mtu avaapo miwani ya uhalisia pepe akatazama chini, aghalabu haoni mwili wake. Huona mwili uliochorwa na kompyuta, ukifuata miondoko ya kichwa na mikono yake. Mwili huo huitwa avata, neno la asili ya Kisanskriti lenye maana ya kushuka, yaani mungu kushuka duniani katika umbo lionekanalo. Wataalamu huuliza mambo mawili juu yake. Je, mtu huuhisi kuwa ni mwili wake? Na je, huhisi kwamba ni yeye auendeshaye? Yadhaniwa upesi kuwa maswali haya ni mamoja, walakini sivyo.

Mwaka 2012, huko Stockholm, Andreas Kalckert na Henrik Ehrsson waliweka mkono wa mti juu ya mkono wa kweli uliofichwa, kidole kimeungwa na kidole. Mtu alipokiinua kidole mwenyewe, na cha mti kikainuka papo hapo, wengi walihisi mkono ni wao na tendo ni lao. Kidole kilipoinuliwa na mtafiti, mkono ulibaki kuwa wao, bali tendo halikuwa lao. Mkono wa mti ulipogeuzwa vidole vikawaelekea wenyewe, ikawa kinyume chake.

Sasa, kwa kuwa hisia hizi hupimwa zaidi kwa kuuliza na kujibu, mzigo wamwangukia mfasiri. "Mkono umesogea" haimtaji mtendaji. "Umesogezwa" yadokeza kuwa yupo, bila kumtaja. "Nimeusogeza" yamkiri msemaji. Aandikaye "ulisogea" mahali pa "niliusogeza" amelifuta swali lenyewe, na jibu lolote litakalopatikana halipimi kitu. Hata "wangu" si neno la kuaminiwa, maana kiti cha basi nacho ni changu mpaka nishuke. Afadhali "sehemu ya mwili wangu".

Gumu zaidi ni jaribio la Domna Banakou na Mel Slater, la Barcelona, lililotangazwa mwaka 2014. Avata iliyofuata miondoko ya mtu ilitamka maneno, naye mwenyewe yu kimya. Watu walielekea kuhisi kwamba ni wao walionena. Tena waliponena kweli baadaye, kidatu cha sauti zao kiliisogelea sauti ya avata. "Nimesema" si kweli, na "nimesemeshwa" sivyo walivyohisi. Kauli ya kitenzi itakayolibeba jambo hili bado yatafutwa.