Mwalimu wa Viungo Hana Budi Kusoma

Katika miji yetu, na Chumbageni ya Tanga imo, desturi ya kukimbia mchakamchaka yazidi kupendwa. Jambo hili ni jema. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Karani anayeshinda kitini ayahitaji sana. Na mchukuzi wa bandarini naye ana haja ya kufundishwa namna ya kuulinda mgongo wake.

Lakini yafaa tuulize: anayewaongoza watu hao ni nani? Mara nyingi ni kijana mwenye kifua kipana na pumzi ndefu, adhaniye kwamba kinachomfaa yeye chamfaa kila mtu. Kuwa na mwili wenye nguvu si sawa na kujua jinsi mwili unavyofanya kazi, kama vile kuwa na macho makali kusivyomfanya mtu tabibu wa macho. Katika msafara mmoja wa wakimbiaji huenda wamo mwenye shinikizo la damu, mwenye kisukari na mama aliyejifungua karibuni, nao wote waamriwa mwendo mmoja.

Tuutazame mfano wetu mashuhuri. Tarehe 20 Oktoba, 1968, Ndugu John Stephen Akhwari alikimbia Marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico, lililo mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu namna hiyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa karibu robo. Misuli yake ilikaza, kisha akaanguka na kuumia goti. Hata hivyo alimaliza, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliofika. Tunausifu ushujaa wake, na tutaendelea kuusifu. Lakini somo la pili twalisahau: ushujaa hauongezi oksijeni hewani. Kazi hiyo ni ya elimu, inayomtayarisha mwanariadha mapema kwa hewa atakayoivuta.

Na pwani kuna adui yake, nayo ni joto lenye unyevu. Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa ikijaa mvuke wa bahari, jasho hutiririka lisikauke, na joto hubaki mwilini. Joto la mwili likipita digrii 40, mtu huweza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka. Kiongozi asiyesoma atamcheka, au atamhimiza aongeze mwendo. Aliyesoma atamsimamisha, atampeleka kivulini, atampoza kwa maji mara moja na kuita msaada wa hospitali, maana hapo dakika chache zaweza kutenga uhai na mauti. Tena ajua kwamba mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Kwa hiyo humwongezea mgeni kazi kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi mwalimu wa viungo asome nini? Asome mifupa 206 ya mtu mzima na misuli inayoivuta; kazi ya moyo, mapafu na damu; kemia ya chakula; fizikia ya kuinua mizigo; tabia za watu; na huduma ya kwanza. Kijana anayeikimbia biolojia shuleni kwa kudhani kwamba michezo haihitaji daftari ajifungia mlango mwenyewe.

Mahali pa kusoma papo. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Ni kweli, kutoka Tanga hadi Malya ni mbali, na karo si mzigo mwepesi kwa mtoto wa mfanyakazi. Kwa sababu hiyo twawaomba waajiri, vyama vya wafanyakazi na vilabu vya michezo washirikiane kumsomesha japo kijana mmoja, kwa ahadi kwamba atarudi kuwafundisha wenzake.

Wakati tukimngoja, kila kiongozi wa mchakamchaka na awaulize watu wake kabla ya kuanza: nani huumwa kifua, nani hushikwa na kizunguzungu, nani anatumia dawa? Mwenye kujibu ndiyo amwone daktari kwanza. Kuuliza hakugharimu hata senti moja.