Iansan: Nyota nne tu, lakini shughuli yake ile mbaya!

Washkaji mnaocheza gemu la Genshin Impact kwenye simu, mnaniuliza kama Iansan ni wa kumhangaikia. Jibu langu ni ndiyo, ila hela ya vocha iache mfukoni.

Aliingia Machi 26, 2025, na toleo la 5.5. Ni mwalimu wa mazoezi wa Natlan, silaha yake mkuki, nguvu yake umeme. Shughuli yake hasa ni kumwongezea mwenzake makali ya kushambulia. Bennett, tuliye naye tangu 2020, naye anafanya hivyo, lakini anakuchorea duara, ukitoka humo msaada unakata. Iansan hana duara. Yeye anakufuata, na ukitembea ndipo nguvu zake zinajaa. Sisi wa Kigwa, walikopita wapagazi wa Kinyamwezi na pembe za ndovu mabegani wakielekea pwani, mtu wa hivi tunamwelewa haraka!

Kinachonikera ni hizo nyota. Jina lake limetoka kwa Iansã wa Brazil, ambaye Wayoruba humwita Oya. Mwaka 2024 wachezaji wengi walilalamika kuwa Natlan imekopa majina Afrika, sura ikaziacha. Kaja mmoja mweusi kweli, kapewa nne!

Bahati nasibu ya humo inakula Primogem 160 kila jaribio. Majaribio 10 yanakuhakikishia mtu au silaha ya nyota nne kwenda juu, siyo lazima awe yeye. Kusanya za bure, bwana. Akikuangukia, mpandishe kiwango mapema, maana msaada wake unapimwa kwa makali yake mwenyewe.