Pikipiki inatetemeka, mukono unalipa

Habari ya leo inaanza ku dispanseri na inaendelea ku garaji.

Mutumishi mumoja alifika kwa munganga asubui mapema, akaonyesha mukono wake wa kuume. Vidole vitatu vilikuwa na ganzi. Akitaka kufunga vifungo vya shati, vidole havisikii. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, kidole kimoja kinapauka na kuwa kama cha mutu aliyekufa, kisha damu inarudi na maumivu kama ya sindano nyingi. Yeye mwenyewe hakutaka kuja. Bibi yake ndiye alimufukuza aende, siku alipoona kikombe cha chai kinaanguka mukononi mwake mara ya pili katika juma moja.

Munganga alisoma karti yake. Miaka kenda alitoboa mawe chini ya udongo kwa marto ya hewa. Jambo likaonekana wazi: ni marto. Lakini karti ilisema tena kwamba miezi nane sasa mutumishi huyu alitolewa kwenye marto, anafanya kazi ya magazini. Mukono ulipumuzishwa, lakini ugonjwa haukupunguka. Ulizidi. Ndipo munganga akauliza swali ambalo waganga wengi hawaulizi:

– Baba, unakuja kazi na nini?

Alikuwa anakuja na pikipiki, saa moja kwenda, saa moja kurudi. Alitupa ruhusa tueleze habari yake, bila kutaja jina.

Mukono wa mutu haujui kama kinachoutetemesha ni marto ya kampani ao pikipiki ya nyumbani. Unahesabu yote pamoja. Mishipa midogo ya damu katika vidole inajifunga, mishipa ya kusikia inachoka, na mutu anaanza kuangusha vitu. Jambo hili linajulikana tangu zamani. Mwaka 1911 munganga Loriga wa Italia aliandika juu ya watu waliotumia marto ya hewa. Mwaka 1918 munganga mwanamuke wa Marekani, Alice Hamilton, alikwenda Bedford katika jimbo la Indiana kutazama wachonga mawe, akaona vidole vyao vinakuwa vyeupe siku za baridi. Na katika Japani waganga walipima mutetemeko unaoingia mikononi mwa mapolisi wa barabara wanaopanda pikipiki; habari yao ilitoka mwaka 1997, na ganzi ya vidole ilikuwa kati ya malalamiko ya mapolisi wale.

Tuseme kweli: pikipiki nzima, inayoendeshwa nusu saa kwa siku, haiharibu mukono wa mutu mwenye afya. Lakini mukono uliokwisha kuumizwa na marto, ukipewa kila siku saa mbili za pikipiki mbovu, huo hauna siku ya kupona.

Sasa twende ku garaji.

Pikipiki nyingi tunazoona leo katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni za silindri moja. Hata ile inayoitwa Boxer ni ya silindri moja. Jina linaweza kudanganya, kwa maana mafundi wanaita vilevile motere yenye silindri mbili zilizolala, moja kuume na moja kushoto, namna ya BMW tangu mwaka 1923. Pikipiki ya mutumishi wetu ilikuwa ya namna ingine: silindri mbili zinazosimama bega kwa bega, mashini kubwa ya zamani iliyonunuliwa okazio.

Motere ya namna hii inatetemeka kidogo hata ikiwa mupya, na ni vizuri kujua sababu. Kwa zingine pistoni mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Ndivyo ilivyokuwa Triumph ya Uingereza ya mwaka 1937, na Yamaha XS 650 iliyotoka mwaka 1970. Uzito wote unaruka juu mara moja na kurudi chini mara moja. Kwa zingine, kama Honda CB 450 ya mwaka 1965, pistoni moja ikipanda ingine inashuka. Hapo uzito unalingana, lakini motere inataka kuyumba upande na upande, kama kitanda kinachobebwa na watu wawili wasiotembea sawa. Motere ikizunguka mara 4000 kwa dakika, mutetemeko unafika mikononi karibu mara 67 kila sekonde. Basi fundi haulizi kama motere inatetemeka. Anauliza kama inatetemeka kupita zamani, na tangu lini.

Muzee wa garaji alikaa kwanza kwenye kiti, hakushika kle hata moja. Aliuliza: ilianza lini? Kwa mbio gani inazidi? Nani aliigusa mara ya mwisho? Mwenye pikipiki akajibu kwamba ilianza mwisho wa mvua, kisha kijana wa jirani kushusha motere juu ya mafuta yaliyokuwa yanavuja. Inazidi wakati wa kuondoka na katika mbio ndogo. Muzee akasema: “Vizuri, mwanangu. Umekwisha kunipunguzia nusu ya kazi.”

Swali la kwanza ni kama mutetemeko unafwata motere ao unafwata magurudumu. Weka pikipiki pwamoro, imesimama, inje penye hewa na hapana ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa maana moshi wa motere unaua bila kuonekana. Ongeza moto polepole. Kama mutetemeko unakuja hata pikipiki haitembei, motere ndiyo yenye kosa. Kama haukuji, pima tena katika barabara tupu na iliyonyoka: ukifika kwenye mbio ya mutetemeko, shika ambreyaje na uache motere ishuke. Mutetemeko ukibaki, tazama mipira, rulema za magurudumu na sheni. Ya mutumishi wetu ilitetemeka palepale garajini. Basi magurudumu yakaachwa. Watu wengi wanaanza kwa kununua mupira mupya. Franka zinaisha na mutetemeko unabaki.

Kisha muzee akatafuta mahali motere inaposhikwa na kadri. Alipangusa mafuta na udongo kwa kitambaa, akatazama na taa. Karibu na buloni moja ya nyuma kulikuwa unga mwekundu kama kutu, na chuma kiling'aa kama kimesuguliwa. Hiyo ni alama ya vyuma viwili vinavyochezacheza. Alipoitoa, akaona si buloni yake: ilikuwa ya milimetri 8 katika tundu la milimetri 10. Tena kipande cha chuma kinachoshika kichwa cha motere na kadri hakikuwako kabisa, kijana alikisahau. Muzee akapitisha kidole katika maungio yote ya kadri kutafuta ufa. Ufa ungekuwako, pikipiki isingetoka garajini siku ile, kwa maana kadri ikikatika katika mbio, mutu anaanguka bila kupata nafasi ya kushika freni.

Buloni zote zilitiwa kwanza bila kukazwa, motere ikakaa vizuri mahali pake, ndipo zikakazwa kwa kle ya kupima nguvu, kadiri ya kitabu cha mashini. Kukaza kwa hasira hakufai. Buloni iliyokazwa kupita kiasi inakatika.

Mutetemeko ulipunguka, na mwenyeji alitaka kulipa na kwenda. Muzee akakataa. “Buloni haitetemeshi motere,” akasema. “Inaiacha tu itetemeke.”

Hapo ndipo kazi ya silindri mbili inapotofautiana na ya silindri moja. Silindri moja ikichoka, pikipiki inazimika na unajua. Silindri mbili zikiwako, ile nzima inavuta nduguye, na mwenyeji anawaza pikipiki imezeeka tu. Motere inapigwa upande mumoja kwa nguvu na upande wa pili kwa uzaifu, na gidoni inaruka mikononi.

Muzee aliacha motere ipoe yote, akaiwasha, na kisha nusu dakika akadondosha tone la maji kwenye kila tuyo ya moshi karibu na silindri. Upande wa kuume maji yalilia na kupotea. Upande wa kushoto tone lilikaa. Usifanye kazi hii kwa kidole. Tumewaona wengi ku dispanseri wenye ngozi iliyobaki kwenye tuyo.

Silindri ya kushoto ilikuwa inalala. Kwa nini? Muzee alitoa buji mbili. Ya kuume ilikuwa na rangi ya kahawia, namna inavyotakiwa. Nyeusi yenye masizi inasema esanse ni nyingi, ya kulowana mafuta inasema mafuta ya motere yanapanda, nyeupe inasema hewa ni nyingi ao esanse ni kidogo. Ya kushoto ilikuwa nyeupe. Akabadilisha, ya kushoto kuume na ya kuume kushoto, akawasha tena. Kama ugonjwa ungehama pamoja na buji, buji mupya ingetosha. Haukuhama. Akatazama moto wa buji, buji ikiwa imelazwa juu ya chuma cha motere, haikushikwa kwa mukono, na esanse ikiwa mbali: moto ulikuwa wa buluu na wa nguvu. Visi-platine zilikuwa zimefunguka sawasawa pande zote mbili. Akapima kompresio, silindri moja kisha ingine, karburateri zikiwa wazi: karibu sawa. Kama moja ingekuwa chini sana, angetia kijiko kidogo cha mafuta ya motere ndani na kupima tena. Namba ikipanda, segma za pistoni zimechoka. Isipopanda, tazama subapi.

Ilibaki hewa. Katikati ya karburateri na silindri kuna kipande cha mupira, na mupira wa zamani unakauka na jua na moto wa motere. Juu ulionekana muzuri. Muzee akapaka maji ya sabuni kwa burosi chini yake, motere ikizunguka polepole. Mara motere ikabadili sauti. Chini, mahali jicho halifiki, kulikuwa ufa wa urefu wa ukucha. Wengine wanapima hivi kwa kurusha esanse. Tunawaomba wasifanye, juu ya moto.

Mupira mupya ulitiwa pande zote mbili, kisha karburateri mbili zikalinganishwa kwa manometri, zivute hewa sawa. Asiye na manometri aangalie hata hivi: kamba mbili za gazi zianze kuvuta wakati mumoja. Kamba moja ikitangulia, silindri moja inafanya kazi ya mbili.

Juu ya mambo ya ndani ya motere tutasema machache, kwa maana hayo si ya kufanyia chini ya mwembe. Rulema za vilebrekeni zinaweza kuchoka, ao vilebrekeni yenyewe kupindana. Ukisikia kugonga, ao ukiona vipande vya chuma katika mafuta, zima na usukume. Pikipiki zingine zina chuma cha ndani kinachozunguka kwa kusawanisha uzito, namna Yamaha ilivyofanya kwa TX 750 ya mwaka 1973. Fundi akikirudisha meno mamoja pembeni ya alama yake, kile kilichotengenezwa kuzima mutetemeko kinauongeza. Ndiyo sababu lile swali la nani aliigusa mara ya mwisho.

Turudi kwa mukono. Munganga alimukataza pikipiki miezi miwili, hata ikiwa imepona. Alimwambia aache sigara, kwa maana tumbako inafunga mishipa ileile ya damu. Glavu avae, zikinge baridi na maji, lakini asidanganyike: glavu haizuii mutetemeko wa motere kufika katika mifupa. Tena asikamate gidoni kama mutu anayenyonga kuku; anayekaza sana anaingiza mutetemeko mwingi.

Kuna neno moja mutumishi alilisema mwisho kabisa, akiwa amesimama mulangoni. Ganzi haikuanza mwaka ule. Ilianza miaka miwili mbele, wakati angali kwenye marto. Alinyamaza kwa kuogopa kutolewa chini ya udongo na kupoteza prime. Tunajua hakuwa peke yake, na hatumucheki. Prime ile ilikuwa inalipa masomo ya watoto. Lakini kwa ugonjwa huu ganzi ya kwanza inaweza kurudi nyuma, na kidole kilichopauka miaka mingi mara nyingi hakirudi. Kama vidole vyako vinabaki na ganzi kupita dakika 20 kisha kuacha marto ao kushuka pikipiki, kwenda ku dispanseri juma lilelile, na ueleze vyote viwili.

Vidole viwili vya mutumishi wetu vinasikia tena. Anafunga vifungo mwenyewe. Kidole cha tatu kingali kinapauka asubui za baridi, na munganga amekiandika kwenye karti.