Kuku wa Sikukuu: Awe Laini, Asikauke, Asimuumize Mtu Tumbo!

Sikukuu ndiyo hiyo inabisha hodi, na safari hii mama kasema kuku utampika wewe. Shangazi anakuja na watoto wake, jirani wa chumba cha pili kaalikwa, bibi naye yupo. Kuku mwenyewe ni mmoja. Akikauka kama gome la mti watakula kwa kukuonea haya. Akibaki mbichi karibu na mfupa, basi kesho yake choo cha uani, kile mnachotumia wapangaji wote, kitakuwa na foleni. Sasa utafanyaje?

(Na wewe kaka unayetaka kukimbilia ukurasa wa michezo, tulia hapa hapa. Unakula kuku, au huli?)

Usidhani shida hii ni ya kwetu tu. Wamarekani, kila Alhamisi ya nne ya Novemba, huumiza vichwa na bata mzinga, ndege aliyetokea kwao huko huko Amerika. Ni mkubwa, kilo sita au zaidi. Kidari kinaiva mapema, paja linachelewa. Ukisubiri paja, kidari kinageuka pamba. Hapa Kariakoo bata mzinga ni wa kuonekana kwa nadra, lakini kuku ana tabia hiyo hiyo kwa kipimo kidogo.

KWANZA, UMENUNUA KUKU GANI?

Swali hili watu hawalipi uzito, na ndipo mambo yanapoharibika. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita hivi. Ni mtoto! Nyama yake tayari ni laini, haihitaji kuchemshwa saa nzima. Kuku wa kienyeji amekimbia miezi mingi, misuli yake imekomaa na ina nyuzi ngumu zinazoishikilia. Nyuzi hizo hulegea na kugeuka kitu cha kuteleza kama ute pale tu unapompika polepole, kwenye unyevu, kwa muda mrefu. Kwa hiyo kumpika wa kisasa kama wa kienyeji ni kumkausha, na kumpika wa kienyeji kama wa kisasa ni kutafuna raba.

Ukienda kuchagua, iwe Kariakoo au Kisutu, soko ambalo wengi mjini wanalijua kwa kuku, mtazame kwanza. Awe amechangamka, macho maangavu, haharishi, hakoromi. Anayesinzia kwenye tenga muache hata kama bei yake ni ya kutupa. Na kibudu, yaani kuku aliyekufa mwenyewe, usikubali kabisa. Anayechinja sokoni kwa kawaida ni Muislamu, kwa hiyo wageni wako wa dini zote watakula bila wasiwasi.

KWA NINI NYAMA HUKAUKA?

Nyama ya kuku sehemu kubwa ni maji. Moto ukiingia, nyuzi za nyama hujikunja na kuyakamua maji hayo, kama unavyokamua shati ulilofua. Moto ukizidi au muda ukizidi, unaendelea kukamua mpaka hakuna kitu.

Chumvi inasaidia. Ikipata muda wa kupenya, hulegeza nyuzi hizo ili zishike maji vizuri na zisijikunje sana. Lakini ni lazima ipewe muda. Chumvi ya kunyunyiza dakika ya mwisho inabaki juu ya ngozi tu.

Kuna jambo jingine. Kuku akishachinjwa, nyama yake hukakamaa kwa saa chache, halafu hulegea tena. Ndiyo maana kuku aliyetoka kisuni moja kwa moja hadi jikoni mara nyingi huwa mgumu, tena watu wanamlaumu mpishi! Anahitaji kupumzika saa tatu, nne hivi. Ila Dar yetu unaijua. Mwezi wa Desemba joto linapita nyuzi 30, na vijidudu huzaliana kwa kasi kwenye chakula kilicho kati ya nyuzi 5 na 60. Kumwacha kuku mezani saa nne ni kuwafugia vijidudu.

Kama nyumbani kuna friji, kazi ni rahisi. Mpake chumvi laini, kama vijiko viwili vya chai kwa kuku wa kilo moja na robo, nje na ndani. Mfunike, muweke rafu ya chini kabisa ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Alale humo mpaka kesho.

Huna friji? Tumia ndoo yenye mfuniko. Kila lita ya maji safi weka vijiko vitatu vikubwa vya chumvi, koroga mpaka iyeyuke, mzamishe kuku. Kisha tumbukiza chupa za maji yaliyogandishwa, zilizooshwa nje kwa sabuni. Omba jirani mwenye friji akugandishie tangu jana yake, au nunua barafu mtaani. Barafu ibaki ndani ya chupa au mfuko wake, isije ikayeyuka na kuipunguza chumvi. Maji yawe ya baridi ya kuuma mkono muda wote. Chupa zikiyeyuka, badilisha. Baada ya saa tatu au nne mtoe, mkaushe, na usimwongezee chumvi. Maji hayo yamwage, hayafai kwa supu.

"SI NIMEMUOSHA NA NDIMU?"

Hili tunalisikia kila siku. Ndimu inakata shombo na inaleta ladha nzuri, hatukatai. Lakini haiwezi kuua salmonela wala kampilobakta, vijidudu vinavyoishi kwenye matumbo ya kuku na kusambaa kwenye nyama wakati wa kuchinja, kunyonyoa na kupasua. Moto ndio unaoviua.

Ukimuosha, muoshe taratibu ndani ya beseni, si chini ya bomba linalorusha maji mpaka kwenye kachumbari. Beseni, kisu, ubao na mikono vyote vipitie sabuni kabla hujagusa kitu kingine. Tena kachumbari ikatwe kabla ya kuku, kwenye ubao wake. Nyanya haitapikwa, kwa hiyo kijidudu kilichoangukia pale kinakwenda kinywani kikiwa hai. Kwa mtu mwenye afya inaweza kuwa siku mbili tatu za kuharisha. Kwa mtoto mchanga, mama mjamzito, bibi, au mtu ambaye kinga yake imeshuka, inaweza kuwa safari ya hospitali.

JIKO LA MKAA NALO NI TANURI

Tuanze na wa kisasa. Mpasue mgongoni kwa kisu kikali, mfungue, mkandamize kidari mpaka alale bapa. Hapo kidari na paja vinakaribia kuiva pamoja. Twanga kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na bizari nyembamba kidogo, changanya na mafuta, mpake mpaka chini ya ngozi.

Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga safi mkavu chini, funika, ipashe moto vizuri. Muweke kuku kwenye sufuria ndogo isiyo na vishikio vya plastiki, itumbukize ndani, funika ile kubwa kwa mfuniko bapa, upalie makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Kuku mdogo huchukua kama saa moja. Usifunue kila dakika tano, joto lote linakimbia. Na jiko likae uani, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa ya mkaa inaua kimya kimya.

Wa kienyeji mkate vipande, mpake papai bichi lililosagwa, nusu saa inatosha. Likizidi, nyama inakuwa uji. Kisha mchemshe kwa moto mdogo, maji yachezecheze tu, saa moja na nusu au mbili. Jogoo mzee hata zaidi. Mwisho mbanike kidogo apate rangi. Supu ile usimwage, pikia pilau.

AMEIVA AU BADO?

Rangi ya ngozi inadanganya. Mfupa wa kuku wa kisasa nao unadanganya, unaweza kubaki na weusi au wekundu hata nyama ikiwa imeiva. Kipimo cha uhakika ni joto: nyuzi 74 katikati ya paja, pale penye unene, bila kugusa mfupa. Ukiweza kuazima kipimajoto cha jikoni, azima. Kama hakipo, choma kisu ndani kabisa ya paja karibu na kiungo. Maji yatoke meupe, nyama isiwe na uwaridi wala kunata kwenye mfupa, na mguu ukiuvuta ulegee. Una shaka? Mrudishe motoni dakika kumi. Ulimtia chumvi mapema, hatakauka kwa dakika kumi.

Akitoka, usimkate hapo hapo hata kama wageni wanakohoa sebuleni. Mpe dakika kumi au kumi na tano, la sivyo mchuzi wote unaishia kwenye sinia.

Kiporo je? Kisikae nje zaidi ya saa mbili. Siku ya joto kali iwe saa moja. Kigawe vyombo vidogo ili kipoe haraka, kiingie kwenye friji, na kesho kipashwe mpaka kitoe mvuke kote, si uvuguvugu. Kama friji hakuna, gawa vipande vilivyobaki siku hiyo hiyo. Watoto wa nyumba nzima wapo hapo uani, hakitabaki hata kipapatio.